Kura Mbili za Martin

Msikilizaji, katika katuni ya Kimarekani ya The Simpsons kuna uchaguzi mmoja unaonigusa kila nikiutazama. Ni wa mwaka 1991. Bart, mtundu asiyeshikika, anagombea urais wa darasa dhidi ya Martin, mtoto wa vitabu. Darasa zima linamshangilia Bart, linacheka, na ushindi unasherehekewa mapema. Kura zinapohesabiwa, Martin ana mbili, Bart hana hata moja. Mashabiki wake hawakupiga kura. Hata yeye mwenyewe hakupiga!

Kisha Martin anapigwa picha akiinua gazeti lililokwisha kumtangaza Bart mshindi. Picha hiyo inaiga ile ya Rais Harry Truman wa Marekani, mwaka 1948, akiwa ameshika gazeti la Chicago Daily Tribune lililodai ameshindwa uchaguzi.

Mwaka 1994 katuni hiyohiyo ilionyesha umeya ukiibwa kwa kura za wafu, paka wa akina Simpson akiwemo. Inachekesha sana, lakini mimi naona uchaguzi wa Bart unauma zaidi. Pale hakuna mwizi. Kuna watoto waliopiga makofi wakasahau sanduku.