Anayelala Chini ya Kitanda: Mtoto Aliyeumia Ubongo na Uti wa Mgongo Wodini

Maembe yakianza kuiva Songea, mkoani Ruvuma, watoto hupanda juu, na wapo wanaoteleza. Aliyeanguka kichwa chini huokotwa na watu wenye huruma tele na haraka nyingi. Huyu kashika mikono, yule miguu, kisha mtoto anapakatwa katikati ya mshikaki kwenye bodaboda na kukimbizwa hospitali. Mfupa wa shingo ambao pengine ulikuwa na ufa tu unaweza kupindishwa njiani, ukaumiza zaidi. Anachohitaji mtoto huyo ni ubao, benchi, au hata mlango uliong'olewa, na watu wanne wanaomgeuza kwa pamoja kama gogo, mmoja wao akiwa ameshika kichwa na shingo visiyumbe.

Mwili wa mtoto una hatari zake. Kichwa ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili, shingo bado laini, na viungo vya mgongo hunyumbuka kiasi kwamba mshipa mkuu wa fahamu unaweza kuvutika na kuumia bila mfupa kuvunjika. Mwaka 1982 madaktari wawili nchini Marekani, Pang na Wilberger, walieleza hali hiyo kwa watoto ambao picha zao za eksirei hazikuonyesha kasoro. Kwa hiyo mama anapomwambia muuguzi, "Sista, nikimgusa mguu hasikii," maneno hayo yanastahili kuandikwa kwenye faili na kufuatiliwa, hata kama picha ni safi.

Kutoka Songea rufaa ni ndefu. Mtoto anaweza kupokelewa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi wanaiita Homso, au katika hospitali ya misheni ya Peramiho, takriban kilomita 24 kutoka mjini. Akihitaji bingwa wa upasuaji wa ubongo, familia huanza kufikiria Mbeya, zaidi ya kilomita 400, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache. Baada yake huja wiki na miezi ya kulala, na humo ndimo watoto wengi huokolewa au hupotea.

Tanzania iliwahi kuliona jambo hili mbele ya macho yake. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni wilayani Karatu. Walikufa watu 35, wakiwemo wanafunzi 32. Watoto watatu waliosalia walisafirishwa hadi Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, na kurejea nyumbani mwezi Agosti. Picha za ndege zilienea kila mahali. Kazi ya miezi ile haikupigwa picha nyingi: kuamshwa, kunyooshwa, kujaribu, kulia, kujaribu tena.

Hoja ya mada hii inatoka hapo. Mama, shangazi au bibi anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto ni sehemu ya tiba, na wodi inapaswa kumfundisha kama inavyomfundisha muuguzi mwanafunzi.

Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Wakati huo wagonjwa wa aina hiyo walionekana ni wa kusubiri kifo tu. Waliuawa na vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Alichosisitiza hakikuhitaji mashine. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na ngozi yake ikaguliwe. Wodi ya Songea inaweza kufanya hivyo hivyo kwa mito, kanga zilizokunjwa na daftari la shule lenye mistari: saa nane usiku, ubavu wa kushoto, saa kumi, chali. Visigino, makalio na kisogo vitazamwe kila siku. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ni taarifa ya kumpa muuguzi saa ileile.

Mkojo nao una somo lake. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha kwamba kibofu kinaweza kutolewa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, kwa mikono iliyooshwa vizuri, bila mazingira ya chumba cha upasuaji. Mzazi anaweza kujifunza hilo kwa maelekezo ya muuguzi. Na mtoto aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo, akilalamika ghafla kichwa kinapasuka huku uso umeiva na jasho linamtoka, aketishwe wima, mpira wa mkojo, kama amewekewa, uangaliwe kama umejikunja, na msaada uitwe mbio. Huenda kibofu kimejaa na shinikizo la damu limepanda vibaya.

Halafu kuna baridi. Songea ya Juni na Julai humfanya bibi yeyote mwenye upendo achemshe maji, ayatie kwenye chupa na kuiweka miguuni pa mjukuu. Miguu isiyo na hisia haiwezi kusema inaungua. Soksi na blanketi zinatosha.

Kwa aliyeumia ubongo, kijiko cha uji kinaweza kuwa hatari kuliko njaa. Asilishwe akiwa chali wala akiwa na usingizi mzito, na asilishwe kwa mdomo kabla ya kupimwa kama anameza sawasawa. Mpira wa puani upo kwa ajili hiyo. Anapoanza kuzinduka anaweza kutukana, kupiga au kumsahau dada yake. Ndugu huona aibu, wengine huanza kunong'ona kwamba amechezewa. Waambiwe mapema, kwa heshima, kwamba ubongo uliojeruhiwa hufanya hivyo. Wageni wawili kitandani ni bora kuliko kumi na wawili. Aitwe jina lake, aambiwe nani yupo na nini kinafanyika, hata kama hajibu. Akiuliza atatembea lini, asidanganywe kwamba ni kesho.

Mwalimu wake pia atafutwe. Mtoto anayerudi darasani akiwa msahaulifu na mwepesi wa hasira asije akachapwa kwa jeraha lisiloonekana.

Nani atapanda mahindi wakati mama yuko wodini? Mkoani Ruvuma swali hilo linaweza kumtorosha mgonjwa kitandani. Ofisa ustawi wa jamii amfikie mama wiki ya kwanza, ukoo upange zamu, na baba naye ajifunze kugeuza.

Mwaka 2006, katika hospitali ya Haydom mkoani Manyara, bingwa Dilan Ellegala alianza kumfundisha upasuaji wa ubongo Emmanuel Mayegga, aliyekuwa daktari msaidizi. Kama ujuzi mzito kiasi hicho uliweza kupita mkono kwa mkono, kugeuza, kulisha na kutoa mkojo kunaweza kumfikia mzazi wa Namtumbo au Mbamba Bay. Ruhusa ya kurudi nyumbani isitolewe kwa karatasi pekee. Usiku mmoja kabla ya safari, mama afanye yote mwenyewe, muuguzi akiwa amekaa pembeni na kutazama tu. Asubuhi daftari la saa za kugeuza liingie kwenye mfuko mmoja na dawa, kurasa zilizobaki zikiwa zimeshapigwa mistari.