Asilimia 26.4 ya nani?

Nimepewa dakika tano, na mimi nasoma sheria, kwa hiyo kuzipitiliza ni rahisi. Nina jambo moja tu: wasomi wetu wanavyouzungumzia umaskini kwenye TV na redio.

Mtangazaji anauliza, "Profesa, wananchi wanalia maisha magumu." Profesa anajibu kwamba umaskini umeshuka, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Dar es Salaam asilimia 8 tu! Mtangazaji anashukuru, linaingia tangazo la sabuni.

Takwimu hizo ni za NBS na sibishani nazo. Nabishana na kinachorukwa. Kwenye utafiti uleule, mstari wa umaskini ni shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata 1,644. Ukiuvuka mstari huo hata kwa shilingi moja, kitakwimu wewe si maskini tena. Nauli ya chini ya daladala wakati ule ilikuwa 400, kwenda na kurudi 800. Zinabaki 844 za chakula, maji, kodi ya chumba na dawa. Mama ntilie wa Njia Nne anaipiga hesabu hii kichwani. Mwenye PhD anashindwa nini kuitaja?

Halafu umaskini ni kitu kimoja, pengo ni kitu kingine. Hapahapa Goba ghorofa lenye kisima chake linatazamana na chumba cha kupanga ambako maji ni ya kununua kwa dumu. Kipimo cha pengo hilo, Gini, kimo kwenye ripoti hiyohiyo. Kwenye vipindi ninavyofuatilia, hakitajwi.

Tuwatendee haki kidogo. Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu. Kutoa takwimu za kupinga zile rasmi likawa kosa: faini isiyopungua milioni 10, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Nani angefungua mdomo? Mwaka 2019 sheria ikalegezwa. Woga umebaki, siku hizi unaitwa weledi.

Na isisemwe kwamba msomi hawezi kufanya vingine. Mwaka 1991 Profesa Issa Shivji alipewa tume ya ardhi, akazunguka nchi kuwasikiliza wakulima na wafugaji.

Mwenyekiti, ombi langu: vipindi vya asubuhi hupokea simu. Wiki hii tupige. "Profesa, mstari wenu wa umaskini ni shilingi ngapi kwa siku?" Akiutaja, muulize yeye jana alitumia ngapi.