Oili Ikivuja Kwenye Ekseli

Msikilizaji mwenye gari, kabla hujaondoka asubuhi, inama utazame chini. Ukiona oili imedondoka upande wa ndani wa tairi la mbele, usipuuze. Kwenye magari mengi madogo, ekseli za mbele huingia ndani ya giaboksi. Pale zinapoingia pana sili, mpira unaozuia oili isitoke. Sili ikikakamaa au ikichanika, oili huvuja. Na giaboksi ikikaukiwa oili, inakufa.

Usiku, tandika kipande cha boksi chini ya gari ili uone rangi ya oili inayodondoka. Oili ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Ikichakaa huwa ya kahawia. Mpelekee fundi kipande hicho akione.

Kuongeza oili tu si kutengeneza. Sili ibadilishwe. Tena mwombe fundi akague beringi na ekseli yenyewe, maana sili mpya haidumu kwenye ekseli iliyolika. Kisha atie oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, bila kuzidisha.

Narudia: sili ibadilishwe. Na tafadhali sana, mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ziwekwe stendi imara kwanza.