Kupima Maji ya Mto Tana



Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hupata maji yake mengi kutoka Mlima Kenya na Milima ya Nyandarua. Wenye mabwawa, wakulima na wafugaji wote huuliza: mwaka ujao maji yatakuwa kiasi gani?

Yafaa tufahamu jinsi hesabu hiyo ipatikanavyo. Kipimo cha mvua hupokea maji yaangukayo katika mdomo wake tu, nao ni mdogo kama wa ndoo. Walakini huchukuliwa kuwa shahidi wa nchi kubwa. Mtoni nako, ubao wa kupimia huonyesha kimo cha maji, si wingi wake. Wingi hukadiriwa kwa vipimo vya mwendo wa maji vilivyochukuliwa siku nyingine. Wakati wa mafuriko, ambapo kupima ni hatari, makadirio huwa na mashaka zaidi. Na mchanga ukibadili sakafu ya mto, kimo kile kile hakina tena maana ile ile.

Tena miaka hailingani. Mwishoni mwa 1961 ilinyesha mvua kubwa mno, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kadiri ya mita mbili na nusu. Wastani uliohesabiwa kabla ya hapo haukuweza kuonyesha jambo hilo. Na tangu bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, maji yafikayo Garissa hutegemea pia milango ya mabwawa. Hata hesabu nyingi za kompyuta zilitabiri kwamba masika ya Afrika Mashariki yangeongezeka, lakini tangu miaka ya 1980 yalipungua kwa muda mrefu. Kisha mwaka 2024 yakaleta mafuriko makubwa.

Hii si sababu ya kudharau vipimo. Mkadiriaji mwaminifu hatoi namba moja tu. Husema maji hayatazamiwi kupungua chini ya kiasi fulani, wala kuzidi kiasi fulani. Ajengaye daraja na atazame kile cha juu. Agawaye maji wakati wa kiangazi na atazame kile cha chini.

Nawe usomaye kipimo kila asubuhi, siku usiyosoma acha nafasi wazi kitabuni. Nafasi tupu huonyesha upungufu. Namba ya kubuni huuficha, na daraja litakalojengwa juu yake huenda likachukuliwa na maji pamoja na watu.