Wamama na komite ya mashamba
(Maneno ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano mkuu)



Sitakawia, mvua inakuja. Nasema juu ya komite ya mashamba tunayochagua leo.

Kambini, kule Kigoma, nilikuwa komite ya kugawa posho. Tulikuwa nusu wanaume nusu wanawake, HCR ndiyo ilitaka hivyo. Mwanzoni wababa walinuna. Baadaye wakazoea, juu waliona unga unafika kwa kila nyumba. Kisha tukarudi Fizi, na siku tuliposhuka kwenye boti Baraka ni kama kazi ile ilibaki ng'ambo. Hapa shauri la shamba linasikilizwa na wanaume saba. Mjane anasimama mlangoni, anangoja shemeji yake amsemee. Na shemeji huyo huyo ndiye amechukua shamba.

Mtaniambia, Katiba ipo. Ndiyo, ya 2006, kifungu cha 14: serikali ihakikishe usawa wa mwanamume na mwanamke, kuanzia taifa mpaka huku chini. Mwaka uleule tukachagua bunge. Depite 500, wamama 42. Mbona? Sheria ya uchaguzi ilisema orodha isiyo na usawa haitakataliwa kwa sababu hiyo. Vyama vikasikia neno hilo, la Katiba wakaliacha. Jirani zetu Burundi, nao waliotoka vitani, waliandika hesabu katika katiba ya 2005: asilimia 30, na wakipungua wanaongezwa. Ndiyo maana mtu akiniambia "wamama nao wanaweza kugombea", mimi namuuliza: wangapi?

Kuna mzee amesema mke haendi mbele ya sheria bila ruhusa ya bwana. Baba, nakuheshimu, lakini hiyo ilikuwa Kode ya Familia ya 1987. Ilibadilishwa 2016.

Basi naomba iandikwe: kati ya saba, wamama wasiwe chini ya watatu. Na komite isikae asubuhi, tuko shambani. Ikikaa asubuhi, hao watatu watakuwa majina tu.

Wafadhili, siombi semina ingine, semina tumepata nyingi. Mama anayeketi siku nzima kusikiliza mashauri amepoteza kazi yake ya siku, muangalie hilo.

Karatasi ya wagombea ni hii hapa. Jina langu nimeandika. Nani mama wa pili?