Oili Ifike Kwanza: Matunzo ya Njia ya Oili katika Magari Yenye Turbo
Mada kwa semina ya mafundi, madereva na wasimamizi wa magari ya taasisi



Waandaaji walinipa mada pana, matunzo ya mfumo mzima wa ulainishaji. Nimeibana ibaki turbo peke yake, na nina imani hawatanuna. Niseme mapema kwamba yaliyomo humu ni maoni ya fundi, si msimamo wa idara inayonilipa mshahara. Nikitoa mfano wa gari la taasisi, taasisi hiyo haitatajwa, na naomba isiulizwe wakati wa maswali.

1. Maana

Hapa napita haraka, maana sote tunajua. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi wa ekzosi, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na turbo ndogo hupita hata 200,000, wakati injini ya dizeli ya gari dogo kwa kawaida haifiki 5,000. Katika magari mengi shafti haikai kwenye beringi za gololi. Inakaa ndani ya bushi, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayoondoa joto, na upande wa ekzosi joto huweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi kwa dizeli. Kwa petroli huzidi hapo. Oili inaingia juu kwa presha kupitia bomba jembamba, inatoka chini kwa bomba pana, na kutoka hapo inateremka yenyewe hadi kwenye sampu. Ikikosekana kwa sekunde chache tu gari likiwa kwenye mzigo, bushi inakwaruzika.

2. Turbo ya pili

Turbo ya kwanza kufa si habari. Gari lililotembea kilomita laki mbili na kupita mikononi mwa madereva wengi lina haki ya kuchoka. Mimi nimekuja kuzungumzia turbo ya pili.

Mnaufahamu mtiririko wake. Gari linaingia likitoa moshi wa bluu na mluzi, fundi anatikisa shafti, anaona imelegea, anaandika: "Turbo mbovu, ibadilishwe." Fomu inapanda ngazi, inasainiwa, turbo inanunuliwa kwa fedha ambayo ingemlipa fundi huyo mshahara wa miezi kadhaa, inafungwa, gari linaruhusiwa. Baada ya safari ndefu moja au mbili linarudi na moshi uleule. Hapo lawama zinagawanywa: muuza spea kauza feki, fundi hajui kazi, dereva ana mguu mzito. Anayeomba sampu ifunguliwe ni nadra kumwona, na akijitokeza huulizwa sampu inahusiana vipi na turbo.

Inahusiana sana. Chukueni injini mnazozifahamu kuliko zote, Toyota 1KD ya lita 3.0 na 2KD ya lita 2.5, zilizomo kwenye Hilux, Hiace na Prado nyingi za dizeli za kabla ya 2015. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba, kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati. Washa hiyo ndiyo inayozuia moto wa silinda usipande. Ikichoka, au ikirudishwa iliyokwisha kutumika, gesi ya mwako inapenya pembeni mwa nozeli na kuingia kwenye oili iliyo chini ya kava la valvu. Haivuji nje mkaiona. Oili inapikika, masizi yanaganda, gamba jeusi linaota kuzunguka nozeli, kisha linabanduka na kushuka hadi kwenye sampu. Humo linavutwa na pampu na kunasa kwenye chujio la waya lililo mdomoni mwa bomba la kufyonzea. Chujio hilo si filta mnayobadilisha kila sevisi. Liko ndani kabisa, na linaweza kukaa tangu gari litoke kiwandani bila jicho la mtu kuliona.

Baada ya hapo presha inaanza kutudanganya. Gari likinguruma limesimama uani, oili inayopita inatosha na hakuna taa inayowaka. Likianza kupanda mlima, pampu inataka oili nyingi na chujio halipitishi. Turbo iko mwishoni mwa njia, tena palipo na joto kuliko pote, kwa hiyo inaumia kabla ya wengine. Kuitegemea taa ya dashibodi ni hatari. Katika magari mengi huwaka presha ikishashuka chini ya takriban nusu baa, na wakati huo msiba umekwisha kutokea.

Kuna Hilux moja ya taasisi iliyobadilishiwa turbo, ikabadilishiwa tena, na ya tatu ikawa njiani kuagizwa. Sampu ilipofunguliwa hatimaye, chujio lilikuwa limefunikwa na makapi meusi karibu lote. Washa nne za shaba, chujio na usafishaji wa sampu vingegharimu sehemu ndogo sana ya bei ya turbo moja. Ripoti iliandikwa. Sijui kama ilisomwa.

Ugonjwa huu si wa Toyota peke yake. Ulaya umeandama injini ya dizeli ya 1.6 HDi, iliyotengenezwa na Peugeot-Citroën kwa ushirikiano na Ford: washa za nozeli zinavuja, kaboni inaziba njia, turbo zinakufa kwa mfululizo. Wauzaji wengi wa turbo huko hawasikilizi dai la dhamana bila ushahidi kwamba bomba la oili lilibadilishwa. Wenye Subaru Forester za turbo nao wanajua kichujio kidogo kilichofichwa ndani ya bolti inayoshika bomba la oili. Oili ikicheleweshwa, kinaziba. Mafundi wengi hukitoa na kukitupa. Siafiki, maana uchafu kilioukamata hapo utakwenda kwenye bushi. Kibadilisheni, na oili ibadilishwe kwa wakati.

Sasa bomba lenyewe. Karibu kila gereji huliosha kwa petroli, hulichokonoa kwa waya na kulipuliza kwa kompresa, kisha hulirudisha. Kwa macho ni safi. Lakini kaboni iliyopikwa ndani ya bomba la chuma haitoki kwa upepo. Inalegea tu, na oili ya kwanza yenye moto inaibeba hadi kwenye bushi za turbo mpya. Yapo tena mapenzi yetu na silikoni. Inapakwa kwenye flanji ya kuingizia oili "isivuje", inafinywa ndani, kipande kinakatika na kuziba tundu jembamba kuliko penseli. Hapo panatakiwa gasketi au washa mpya, pakavu.

Bomba la kurudishia linasahaulika zaidi. Kwa kuwa halina presha, likikunjwa kidogo, au gasketi yake ikiwekwa kinyume, au brida ya injini ikiziba na gesi kujaa kwenye sampu, oili inakosa pa kushukia. Inatafuta njia kupitia ringi za turbo, moshi wa bluu unatoka, na turbo nzima isiyo na kosa inahukumiwa kifo. Kulegea kidogo kwa shafti kuelekea pembeni wakati hakuna oili ni kawaida, kwa sababu shafti imeundwa ielee. Kinachotisha ni shafti kucheza mbele na nyuma, au feni kugusa nyumba yake.

Nifike kwenye jambo linaloniudhi, na nitalisema kwa adabu. Fomu ya turbo hupita. Fomu ya turbo pamoja na bomba, bolti, washa, gasketi, filta na oili hurudishwa na mistari miwili au mitatu imekatwa kwa kalamu nyekundu, "vilivyopo vitumike". Anayekata hana nia mbaya. Analinda bajeti kama alivyofundishwa. Lakini turbo ya tatu pia inatoka kwenye bajeti hiyohiyo.

3. Kuhusu madereva

Maneno machache, maana madereva wamekwisha kusemwa vya kutosha. Dereva anayetoka Ruaha Mbuyuni, akapanda mlima Kitonga na mzigo, akafika Ilula na kuzima gari papo hapo ili awahi nyanya, anaiacha oili ikipikwa ndani ya turbo. Vitabu vya Toyota za dizeli vinashauri kuacha injini ingurume takriban sekunde 20 baada ya mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dakika 1 baada ya kilomita 100, na dakika 2 baada ya mlima mkali. Kwa mwendo wa mjini haihitajiki. Asubuhi nayo, hasa Julai kule Njombe na Makete, asikanyage mafuta mara tu injini inapowaka.

Upande wa pili, dereva anayemsubiri bosi saa tatu chini ya mwembe huku AC ikivuma si mkosaji, ameagizwa. Saa hizo hazionekani kwenye kilomita, ila oili inazihesabu.

4. Kuhusu oili

Oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema si ubovu; inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Imani kwamba oili nzito zaidi ndiyo bora kwa gari la zamani haina msingi kwa injini hizi: wakati wa baridi oili nzito inachelewa kufika kwenye turbo. Fuateni gredi ya kitabu. Daraja la API pia litazamwe: dumu la CF si sawa na la CI-4, ingawa yote mawili yameandikwa 15W-40 na yanapangwa rafu moja. Oili bandia ipo, na huwezi kuitambua kwa rangi wala kwa harufu. Usalama pekee nilionao ni muuzaji anayejulikana na risiti inayotunzwa.

5. Mapendekezo

(a) Turbo isibadilishwe kabla sababu ya kifo haijaandikwa. "Imechoka" isikubaliwe kama sababu.

(b) Kila turbo inayokufa kwa kukosa oili, sampu ifunguliwe na chujio likaguliwe. Kwa 1KD na 2KD, washa za nozeli zikaguliwe siku hiyohiyo.

(c) Bomba la kuingizia oili libadilishwe pamoja na turbo. Lisioshwe. Narudia: lisioshwe.

(d) Washa za shaba zisitumike mara ya pili, kwenye nozeli wala kwenye bomba.

(e) Silikoni ipigwe marufuku kwenye flanji za oili za turbo.

(f) Bomba la kurudishia na brida vikaguliwe kabla turbo haijasingiziwa moshi wa bluu.

(g) Turbo mpya imiminiwe oili safi na kuzungushwa kwa mkono. Injini ipigwe stata bila kuwaka hadi presha ipande. Kisha ingurume polepole kabla ya kukanyagwa.

(h) Presha ipimwe kwa geji, injini ikiwa ya moto na kwa mizunguko ya juu, si uani asubuhi. Taa ya dashibodi isihesabiwe kuwa kipimo.

(i) Magari yanayosubiri sana yabadilishiwe oili mapema, kila kilomita 5,000 au chini yake, na filta pamoja nayo. Kubadilisha oili na kuacha filta si sevisi.

(j) Zabuni za oili zitaje gredi na daraja la API, na bei ya chini isiwe kigezo pekee. Hili najua linahitaji vikao vya ngazi nyingine, nami naliacha huko.

(k) VETA na vyuo vingine vya ufundi viangalie uwezekano wa kuongeza saa za vitendo kwenye mfumo wa oili. Kijana afungue sampu kabla hajafundishwa kufungua turbo.

(l) Bomba, bolti, washa, gasketi, filta na oili viingie kwenye fomu ya turbo kama kifurushi kimoja kisichokatwa mstari. Afisa manunuzi akitaka kukata, na akate fomu nzima, gari libaki limeegeshwa mpaka fedha ipatikane. Wenzetu wa manunuzi mliopo ukumbini, hili ndilo ninalowaomba, na naomba liingie kwenye kumbukumbu za semina kama lilivyo.