Kujifunza Kupiga Gitaa

Leo nataka kusema na kijana aliyepata gitaa, akalipiga wiki mbili, kisha akalitundika ukutani kwa sababu vidole vyamuuma.

Kijana, mpini wa jembe ulipokuchubua kiganja mara ya kwanza, je, uliacha kulima? Sugu iliota, maumivu yakaisha. Vidole navyo ni vivyo hivyo.

Kwanza linganisha nyuzi. Anza na uzi mnene: ubonyeze katika nafasi ya tano, na uzi unaofuata, usiobonyezwa, utoe sauti ile ile. Endelea hivyo hadi mwisho, ila uzi wa nne hubonyezwa katika nafasi ya nne. Kidole kikae karibu na chuma, si juu yake. Ndipo hutatumia nguvu nyingi. Piga robo saa kila siku, polepole, wala usingoje Jumapili upige kutwa.

Tena usikate tamaa ukiona mkono wa kulia ni mzito. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na sifa zake zikafika mbali.

Basi, litungue gitaa lako. Kwa herini.